Boti ya Kurudi Harobiyo

Shule ilifungwa katikati ya Novemba mwaka wa tisini na saba, lakini wasichana wengi wa bweni hawakuwa na njia ya kwenda kwao. Mvua za Elnino zilikuwa zimeufanya mto Tana uvunje kingo zake. Barabara ya Nairobi ilikuwa imekatika, na ile ya Modogashe ilikuwa tope tupu, malori yamezama humo mpaka kwenye taa. Wazazi wa mjini Garissa walikuja kuchukua binti zao kwa mikokoteni ya punda. Waliosalia walikalia masanduku yao bwenini wakisikiliza mvua ikipiga mabati.

Istahil alikuwa mmoja wao. Alikuwa kidato cha tatu, binti wa mfuga ngamia wa Modogashe, na maji aliyoyazoea tangu utotoni ni yale ya kisimani na ya bwawa la mifugo. Mto uliokuwa ukinguruma nyuma ya mji ulimtia hofu hata akiwa kitandani. Rafiki yake Ramlo, aliyetoka Mandera, alikuwa hodari wa kuchora na mwepesi wa kusema. Alimtania kila asubuhi, akimwita dada kwa Kisomali.

"Abaayo, amka. Bado hatujazama."

Siku ya tatu ya likizo hiyo isiyo na safari, Mwalimu Rukiyo aliingia bwenini viatu mkononi na pindo la gauni limelowa. Ndiye aliyewafundisha jiografia, na alikuwa mwenyeji wa Garissa, mtu wa mtaa wa Bula Iftin.

"Nataka watu wa kuchora ramani," alisema.

"Ramani ya wapi, Mwalimu?" Ramlo akauliza.

"Ya hapa hapa. Ile iliyo ofisini kwa DO haifai tena. Inaonyesha mashamba mahali ambapo sasa viboko wanaogelea."

Aliketi kwenye ukingo wa kitanda akawaeleza. Kamati ya mafuriko ilikuwa imeletewa boti tano za injini. Kila asubuhi boti zote tano zilikwenda kijiji kimoja kilicho karibu na mji, kwa sababu wazee wake walijua kupiga kelele mlangoni mwa ofisi. Vijiji vya chini ya mto, vilivyozungukwa na maji pande zote, havikuwa vimeona boti hata moja. DO, yaani afisa wa tarafa, alikuwa mgeni kutoka bara, hajui kijiji kipi kiko wapi, na makarani wake nusu walikuwa wamekwama Nairobi. Alihitaji watu wa kukaa chini wapange boti ziende wapi, lini, na zichukue nani.

"Nimemwambia ninao wasichana wenye akili na wasio na basi la kupanda," Mwalimu Rukiyo alisema. "Msiniaibishe."

Waliunganisha madawati ya darasa la jiografia, wakatandaza karatasi za manila na kuzibandika kwa gundi. Kisha kazi ikaanza. Waliwaita watu waliofika mjini kwa kuvuka maji, mmoja mmoja, wakawauliza walipitia wapi, maji yaliwafika kifuani au magotini, ardhi kavu waliikuta wapi. Nahodha wa boti kubwa alikuja pia. Aliitwa Bonaya, wa kabila la Wanyoyaya, aliyekulia ukingoni mwa Tana, mtu mnene na mcheshi aliyependa chai yenye tangawizi nyingi. Aliwaonyesha maji yaliyosimama na maji yanayokimbia, na mahali ambapo miti iliyozama ingeweza kupasua boti.

Istahil aligundua kwamba anaipenda kazi ile. Mto uliomtisha ulikuwa sasa mistari ya penseli chini ya mkono wake. Ni yeye aliyependekeza kwamba boti mbili kubwa zishike njia kuu, zipande na kushuka, na zile tatu ndogo ziingie pembeni kuwaleta watu kwenye vituo vya njia kuu. Kila kijiji kikapewa siku yake na mahali pake pa kupandia. Kijiji chenye mgonjwa mahututi kingetundika kitambaa chekundu juu ya mti mrefu kuliko yote. Ramlo alichora kila kitu kwa kalamu za rangi, hata viboko.

DO aliitazama ramani ile kwa muda mrefu. Kamati ilikuwa imekusanyika ofisini mwake, na aliyekuwa akiisimamia ni Haji Gelle, mfanyabiashara mzee mwenye ndevu zilizopakwa hina, mtu wa petroli na sukari, ambaye familia yake ilikuwa Garissa tangu zamani za wakoloni.

"Bwana DO," Haji Gelle alisema, "hii wasichana ni watoto ya shule. Mto si ya kuchora na rangi."

"Haji, wewe una mpango mwingine?" DO akamwuliza.

Haji alizungusha tasbihi yake. Mpango ukapita.

Wiki ya kwanza boti zilifika vijiji ambavyo havikuwa vimefikiwa na mtu tangu mafuriko yaanze. Zilirudi zimejaa wazee, watoto wenye homa, wanaume wenye mbuzi mabegani. Wasichana walisimama kivukoni wakiwahesabu abiria na kushangilia kila injini iliposikika. Lakini boti ya Harobiyo ilirudi na vijana wawili tu. Juma lililofuata ikarudi tupu. Na Harobiyo kulikuwa na familia nyingi, karibu wote wanawake na watoto, kwa kuwa wanaume walikuwa wamewahamisha ng'ombe kabla maji hayajafunga njia.

"Hawataki kutoka," DO alisema kwenye kikao. "Siwezi kuchoma mafuta kwa watu ambao hawataki. Harobiyo tuifute, boti iende kwingine."

Haji Gelle aliafiki. Wengine pia. Mwalimu Rukiyo aliwatazama wanafunzi wake.

"Bwana DO," Istahil alisema, na sauti yake ikamtoka nyembamba kuliko alivyotaka. "Kuna mtu amewauliza kwa nini?"

"Nahodha anawaambia wapande. Hawapandi. Tuwaulize nini tena?"

"Niende mimi niwaulize."

Walitoka ofisini. Ramlo alimshika mkono. "Wewe? Wewe unayeogopa beseni?"

Alikwenda na Mwalimu Rukiyo. Bonaya aliwakalisha katikati ya boti, akamwambia Istahil akazie macho kitu kilicho mbali asitazame maji. Alitazama maji njia nzima. Walipita juu ya mashamba ya mahindi yaliyozama, wakapita paa la duka lililoelea, na mzoga wa ng'ombe umevimba, ndege wamesimama juu yake. Istahil alisoma kila aya aliyoijua. Alitapika mara moja, nje ya boti, kwa adabu.

Harobiyo ilikuwa imebaki kilima kidogo, vibanda vya turubai na ngozi vimesongamana juu yake pamoja na mbuzi. Boti haikuweza kufika ukingoni, matope yaliizuia. Iliwabidi Istahil na mwalimu wake washuke na kutembea, nguo zimeshikwa juu ya magoti, matope yakiwavuta. Wanawake walikuwa wamesimama juu wakiwatazama. Aliyewapokea alikuwa mama kijana mwenye uso mwembamba. Jina lake Habibo. Aliwapa maji ya kunawa miguu kabla ya kuuliza lolote.

Walizungumza kwa Kisomali, wameketi kwenye mkeka. Istahil akauliza alichokuja kuuliza.

Habibo alicheka kidogo, bila furaha. "Umeona ulivyoshuka? Wewe ni msichana na umevua viatu ukaja. Sisi wenye watoto na mizigo, kupanda kule tunabebwa. Mwanamume tusiyemjua anakuweka begani, anakushika mapaja, watoto wako wamesimama wanatazama. Wa kwanza aliyejaribu alirudi analia. Hakuna aliyejaribu tena."

"Mngemwambia nahodha."

"Nimwambie mwanamume hilo?"

Mwalimu Rukiyo akatikisa kichwa taratibu. Istahil aliona aibu. Kwenye ramani, Harobiyo ilikuwa na duara la kijani lililoandikwa 'mahali pa kupandia'.

"Na jambo lingine," Habibo akasema. "Boti yenu inachukua watu. Inawarudisha lini?"

Istahil aligeuka kumtazama Mwalimu Rukiyo.

"Wale vijana wawili mliowachukua, mpaka leo wako sokoni kwenu wanazurura. Mimi nina mbuzi hapa. Nina nyanya mgonjwa hapa. Nataka kwenda hospitali, nichukue unga, nirudi. Sijahama. Hapa ni kwetu."

Nyanya aliyemtaja alikuwa mama mkwe wake, Osob. Alilala ndani ya kibanda kwenye kitanda cha kamba kilichoinuliwa juu ya mawe, akipumua kwa shida, kifua kikikoroma. Alimshika Istahil mkono akauliza ni binti wa nani. Istahil akamtajia baba, babu, na babu wa babu, na mwanamke yule akatabasamu akiwa amefumba macho.

"Wa Modogashe," alisema. "Basi uko mbali na mama yako, wewe."

Maneno hayo ndiyo yaliyomfanya Istahil alie, akiwa ndani ya boti, njia nzima ya kurudi. Bonaya alijifanya kutazama injini.

Kesho yake, ofisini, Istahil alisimama akaeleza. Alipofika kwenye habari ya kubebwa, alisita, kwa kuwa chumba kilijaa wanaume. Mwalimu Rukiyo akaanza kuinuka amsaidie, lakini Istahil akaendelea mwenyewe, macho kwenye ukuta. Alitaka vitu vitatu. Gati ya mbao inayofika mpaka penye kina, juu ya mapipa yanayoelea. Siku moja ya boti iwe ya wanawake, na turubai la kuwasitiri. Na kila boti inayochukua mtu iwe na siku inayojulikana ya kumrudisha.

"Kurudisha?" DO alishangaa. "Binti, hii ni kazi ya kuokoa watu. Si basi la abiria."

"Basi ndilo wanalolihitaji, bwana. Wakijua watarudi, watakuja."

"Mbao sina. Mapipa sina."

Wote walijua aliyekuwa na mapipa. Uwanja wa petroli wa Haji Gelle ulijaa mapipa matupu. Haji alikuwa akitazama tasbihi yake.

"Tunaharibu wakati," alisema. "Maji ikipanda, hata mimi nitabebwa. Ni dharura."

Hapo Ramlo, aliyekuwa ametakiwa anyamaze, alisema kwa Kisomali, "Haji, mama yako angekubali?"

Haji Gelle alisimama. Uso wake ulibadilika rangi, na kwa kitambo ilionekana atamkemea msichana yule mpaka akose pa kujificha. Badala yake alichukua bakora yake akatoka, mlango ukijigonga nyuma yake. Mwalimu Rukiyo alimburura Ramlo nje na kumwambia mambo ambayo hayakuwahi kusikika darasani.

Asubuhi mikokoteni ya punda ilifika kivukoni imebeba mapipa. Haji mwenyewe alikuja nyuma yake kwa miguu, kanzu imeinuliwa juu ya matope. Hakuwatazama wasichana. Alimwambia Bonaya, "Hii mabiba si zawadi. Maji ikiisha, irudi kwangu." Kisha akakaa juu ya moja, akaanza kuamrisha jinsi yatakavyofungwa.

Mbao zilitoka kwenye vitanda vibovu vya stoo ya shule, kwa idhini ya mwalimu mkuu aliyetoa idhini hiyo baada ya vitanda kwisha kuvunjwa. Bonaya na wenzake waliivuta gati ile vipande vipande hadi Harobiyo, wakaiunga huko. Ramlo alipaka rangi ya njano kwenye ncha zake ili ionekane kwa mbali.

Siku ya wanawake ilikuwa Jumatatu, na siku ya kurudi Alhamisi; gati ilipokuwa ikiungwa, Istahil alikuwa amekwenda kumwambia Osob hivyo mwenyewe. Boti ilipofika Jumatatu ile ya kwanza, Istahil alikuwa ndani yake. Wanawake walikuwa wamepanga mstari juu ya kilima, shuka za rangi zikipepea, watoto wamefungwa migongoni. Hakuna aliyesogea. Kisha Habibo na wanawake wengine watatu wakatoka kibandani wamebeba kitanda cha kamba, Osob juu yake amefunikwa mpaka kidevuni. Walitembea juu ya mbao polepole, mapipa yakididimia na kuinuka chini yao, hakuna mwanamume aliyegusa kitanda kile. Walipokilaza ndani ya boti, wengine nao wakaanza kushuka kilima. Bonaya ilibidi awarudishe baadhi yao wasubiri awamu ya pili.

Osob alilazwa hospitali ya Garissa. Daktari alisema ni nimonia, tena imekawia. Istahil na Ramlo walikwenda kumwona kila alasiri, wakimpelekea uji na kumsomea. Jumatano alikaa kitako, akala, akawauliza kama mbuzi wake mwekundu amezaa. Alhamisi asubuhi, muda mfupi baada ya sala ya alfajiri, alifariki, Habibo akiwa amemshika kichwa.

Istahil alipofika, wanawake walikuwa wamekwisha kumwosha na kumvisha sanda. Habibo alikuwa ameketi kwenye veranda, mikono imetulia mapajani.

"Alitaka kulala karibu na mume wake," alisema. "Kaburi lake liko juu ya kilima, maji hayajalifikia. Leo ni Alhamisi."

Istahil alikimbia mpaka kivukoni. Boti ilikuwa ikipakia unga, na DO alikuwa pale, amechoka, viatu vya mpira vimejaa matope. Alimsikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mbaya.

"Pole sana," alisema. "Kwa kweli pole. Lakini kuna makaburi hapa mjini. Ile nafasi ya mwili ni nafasi ya watu wazima watatu wanaongoja. Boti ni ya walio hai."

"Bwana, tulimwambia atarudi Alhamisi."

"Istahil..."

"Mimi ndiye niliyemwambia. Kwa mdomo wangu. Alikuja kwa sababu hiyo, na wale wengine wote walikuja kwa sababu yeye alikuja. Tukimwacha hapa, Jumatatu hakuna atakayepanda."

Alidhani atalia, lakini hakulia. DO alitazama maji. Wanawake wa Harobiyo waliokuwa wakingoja kurudi, wamekalia magunia yao ndani ya boti, walikuwa wakiwatazama. Kisha mmoja akainuka, mtu mzima, akashusha gunia lake kutoka kwenye boti na kuliweka chini. Mwingine akafanya vivyo hivyo.

"Sisi tutangoja," alisema yule wa kwanza. Mwalimu Rukiyo akamtafsiria DO.

DO alivua kofia yake. "Mleteni," alisema.

Haji Gelle alikuwa kwenye boti hiyo, hakuna aliyejua aliingia lini. Alikwenda kuongoza sala ya jeneza. Huko Harobiyo, juu ya gati, wanawake walibeba kitanda hadi ncha ya mbao, na hapo wanaume wachache wa kijiji, wazee na vijana waliosalia, wakakipokea na kupanda nacho kilima. Istahil alibaki chini na wanawake. Habibo aliegemea bega lake kwa uzito wote, kama mtu aliyetembea safari ndefu, na Istahil akasimama imara asimwangushe. Jua lilikuwa kali kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, na mvuke ulipanda kutoka kwenye matope.

Jumatatu iliyofuata boti ilijaa. Ilibidi Harobiyo iongezewe siku ya pili. Vijiji vingine viwili vikatuma watu mjini kuulizia gati, na wasichana wakarudi kwenye karatasi zao za manila, wakafuta mishale iliyoelekea upande mmoja na kuichora upya ikielekea pande zote mbili. Ramadhani ilipoingia, walikuwa wakifuturu kivukoni pamoja na manahodha, tende na chai ya Bonaya ya tangawizi, na watu walianza kuuliza tu, "Leo boti ya wapi?" kama wanavyouliza basi.

Haikudumu. Barabara ya Nairobi ilipofunguka, boti tatu zilichukuliwa kupelekwa kwingine. DO aliandika pendekezo kwamba kuwe na vivuko vya kudumu vya abiria kandokando ya Tana, akaambatanisha ramani ya Ramlo, akalituma kwa wakubwa wake. Alihamishwa kabla ya jibu kufika, kama lilifika. Lakini boti mbili ndogo zilibaki, na Bonaya aliendelea nazo mpaka mto uliporudi kwenye njia yake, Jumatatu na Alhamisi, wanawake wa Harobiyo wakijipangia wenyewe nani apande lini.

Istahil alipata lori la kwenda Modogashe mwishoni mwa Januari, juu ya magunia ya mchele. Habibo alikuja kumuaga stendi, amefika na boti ya asubuhi, mtoto mgongoni na kibuyu cha samli mkononi.

"Cha mama yako," alisema. "Mwambie amekulea vizuri."

"Nitamwambia, eddo," Istahil alisema, akimwita shangazi.

"Na wewe utasomea nini?"

"Sijui bado." Istahil alifikiri. "Barabara, labda. Madaraja."

"Haya. Soma." Habibo alimpangusa vumbi shavuni kwa ncha ya shuka yake, kama anavyompangusa mtoto. "Lakini kabla ya kujenga, uje kwanza uulize."

Utingo aligonga bodi ya lori. Istahil akapanda, akakipakata kibuyu kwa mikono miwili, na lori likaanza kujikokota kwenye tope lililoanza kukauka.